Goti Langu Mwenyewe

Kwa miaka kumi na moja nimewafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo katika hospitali moja mjini Voi. Waliovunjika karibu na goti, wakishaungwa mfupa kwa chuma na skrubu, huletwa kwangu ili goti lisigande. Neno langu lilikuwa moja: "Kunja, haiumi hivyo." Mtu akilia, nilimwambia anajidekeza.

Mwezi wa Machi nilienda Mghange kuwaona wakwe. Shemeji yangu Wendy akasema nimenenepa. Nikaona nimwonyeshe: nikaruka mtaro ulio nyuma ya nyumba. Mguu mmoja ulifika ng'ambo. Wa pili ulitua kwenye jiwe, nikasikia mlio kama wa muwa ukivunjwa. Mfupa ulikuwa umepasuka chini kidogo ya goti. Nikafanyiwa upasuaji, nikawekwa bamba la chuma na skrubu saba.

Siku ya tatu nililetwa kwa kiti cha magurudumu kwenye chumba changu mwenyewe cha mazoezi. Shanice, niliyemfundisha kazi, akashika kisigino changu.

"Tuanze polepole, bosi."

Aliposogeza kidogo tu, nilipiga ukelele uliosikika hadi dirisha la dawa.

Kwenye kitanda cha pili alikuwa Mama Tryphena wa Rukanga, mwenye chuma juu ya goti. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemkaripia mpaka akatoa machozi.

"Daktari," akauliza kwa upole, "hayo ni maumivu ama unajidekeza?"

Nilimwomba msamaha nikiwa nimejifunika uso kwa shuka.

"Haya, vuta pumzi," akasema. "Ukikunja, itoe polepole. Usishindane na goti. Hivyo nilijifunza mwenyewe, maana wewe ulikuwa unapiga kelele tu."

Nikamfuata. Goti likakunjika nyuzi thelathini. Shanice akaandika kwenye faili, akijiuma midomo asicheke.

Wiki tatu tulifanya mazoezi pamoja, yeye akihesabu, mimi nikilalamika. Kisha akarudi kwao.

Juzi nilimpigia simu kujisifu kwamba nimefika nyuzi tisini. Soksi bado navalishwa na mke wangu, lakini hilo sikulitaja.

"Hongera, daktari!" akasema, kuku wakilia karibu naye. "Hebu ngoja niinuke tuongee vizuri. Nimekalia kigoda hapa, magoti yamekaribia kifua, nachambua pojo."