Kizibo cha Fils

Kila Desemba, wachezaji wa ukumbi wa michezo ya video wa Chishimba, mtaani Kasapa, walichagua mchezo bora wa mwaka. Chishimba alipanga makopo mezani, kila mchezo na kopo lake, na kila mtu akatia kizibo kimoja cha bia kama kura yake. Mwaka huu mchezo wa mpira na wa vita ilikuwa sare, na watu wazima wenye ndevu zao wakatukanana mpaka mate yakaruka.

Mama Albertine alipoingia na kitambaa cheusi kichwani, wote wakaacha matusi, wakampisha. Wiki mbili zilizopita, shimo la kobalti lilikuwa limemfukia mwanawe, Fils.

“Alikuwa anachunga hii kizibo juu ya uchaguzi wenu,” alisema, akionyesha kizibo cha bia. “Alikuwa anapenda mchezo gani?”

Chishimba alitamani kudanganya, aseme mpira. Ulimi ukakataa.

“Ule wa kuchimba, mama. Unaingia chini, unatafuta mawe.”

“Na udongo ikikuangukia?”

“Unakufa. Kisha unaanza tena.”

“Unaanza tena?”

“Ndiyo, mama. Mara yoyote unayotaka.”

Mama Albertine alikitia kizibo katika kopo la mchezo huo, lililokuwa tupu.

“Basi ile,” alisema, “ndiyo muzuri kupita yote.”