Idd Mbili Ndani ya Gari Moja

Kama kuna siku Chausiku aliitaka iende sawa katika miaka yake tisa ya Guangzhou, ni Jumapili hii ya Idd. Alianza kuipanga hata Ramadhani haijaandama: gari la kukodi, chakula cha kutosha watu kumi, mabustani ya maua huko Conghua, mwendo wa saa mbili nje ya mji, na Lulu wake ndani ya gauni la rangi ya ndimu alilomchagulia mwenyewe soko la Shahe, kwenye mabunda ya nguo anazosafirisha kwenda Unguja. Keshokutwa Lulu, mwenye miaka kumi, anapanda ndege na bibi yake kwenda kuishi huko huko Unguja. Kwa hiyo siku moja tu, jamani. Siku moja ambayo mtoto akiikumbuka huko aendako, amwone mama yake anacheka.

Ikaanza kuharibika kabla ya chai.

"Chai ya nani?" aliuliza Bi Hafidha, mama mkwe wake, alipowekewa kikombe. Alikuwa amekaa na tasbihi yake, mbali na ukuta, maana msimu huu kuta za Guangzhou hutoka jasho na ukiegemea unalowa mgongo. "Mimi nimefunga."

Dullah, mume wa Chausiku, ndiyo kwanza anarudi kusali Idd na wenzake, kanzu bado ina mikunjo ya pasi. "Mama, Makka wametangaza. Leo Idd."

"Makka wametangaza yao. Nimepiga simu nyumbani wakati wa daku. Unguja mwezi haukuonekana, na mimi naandamana na watu wangu."

"Basi leo si tunasafiri? Msafiri ana ruhusa ya kula."

"Msafiri gani huyo, wa kiti cha kulalia na kiyoyozi?"

Chausiku akarudi jikoni asije akasema neno. Kulikuwa na sufuria zima la biriani aliloamkia alfajiri, sambusa sitini, visheti, na mkate wa ufuta alioukanda kwa mkono kwa sababu mashine imekufa. Mwaka mzima watu wa nyumbani wanagombana kuhusu mwezi, wanagombana redioni, wanagombana kwenye simu, na sasa ugomvi umepanda ndege ukaja kukaa mezani kwake. Alifunika biriani kwa nguvu mpaka mfuniko ukalia.

Saa mbili asubuhi gari likafika chini, pale mtaani kwao Dengfeng, na ndani yake marafiki zao Mumbua na Josphat, mke na mume kutoka Nairobi wenye kibanda cha simu mtaa huo huo. Mbele alikaa dereva wa Kichina, ambaye wote walimwita laoban, yaani bosi, kwa kuwa Guangzhou kila mwenye kitu unachokihitaji ni laoban.

"Idd njema, Mama Lulu," alisema Mumbua, amepakata ndoo ya kuku wa kukaanga. "Nimebeba kuku. Si leo mnakula mchana?"

"Wengine," alijibu Chausiku.

Ikabidi aeleze. Mumbua alisikiliza kwa heshima zote. Josphat ndiye aliyetaka kuelewa vizuri.

"Kwa hivyo leo ni sikukuu ama si sikukuu?"

"Ni sikukuu kwa sisi, kwa mama bado," alisema Dullah. "Naomba tu tusile mbele yake."

"Sasa si gari ni moja? Tutakulia nyuma ya nani?"

Ndoo ya kuku ikafungwa ndani ya mifuko mitatu, na harufu yake haikujali hata mmoja. Bi Hafidha akapanda, akakaa karibu na dirisha, Lulu akakaa ubavuni pake, na Chausiku, aliyekuwa amejiwekea nafasi hiyo kichwani wiki mbili nzima, akabaki nyuma kabisa na masufuria.

Hesabu moja hawakuipiga, nayo ni Wachina wenyewe. Ulikuwa msimu wao wa kwenda kuzuru makaburi ya wazee wao, kwa hiyo nusu ya Guangzhou ilikuwa barabara ile ile, kila gari na maua yake, na chakula cha kuwapelekea marehemu. Baada ya zaidi ya saa tatu njiani hawakuwa wamefika popote. Gari la pembeni lilisimama sambamba nao, na kiti chake cha nyuma kilikuwa na nguruwe mzima wa kuchoma, mwekundu, anang'aa, uso umeelekea kwa Bi Hafidha.

"Kile nini?"

"Mbuzi, Mama," alisema Dullah upesi.

"Mbuzi mwenye pua ile?"

Josphat alicheka mpaka akakohoa. Siku nyingine Chausiku naye angecheka, ila leo alikuwa anaangalia saa. Saa tano na nusu, na mabustani bado mbali. Kila dakika ilikuwa inamkata kwa sababu alizihesabu zilizobaki mpaka Jumanne, na nyingi zingeliwa na usingizi, masanduku na uwanja wa ndege.

Ukweli ni kwamba safari hiyo ya Lulu hakuipanga yeye. Bi Hafidha alikuja kutembea miezi mitatu iliyopita, na wiki ya kwanza tu akasema, akiwa anachambua mchele, kwamba mtoto huyu anashinda peke yake kutwa, masikini. Jioni yake Dullah akatangaza kuwa Lulu ataondoka na bibi. Chausiku akanyamaza. Angesema nini? Yeye anatoka alfajiri kwenda Shahe, Dullah yuko kazini Huanshi mpaka usiku na makontena yake, na mtoto anarudi shule anajifungulia mlango mwenyewe. Halafu alilelewa kuwa mkwe hajibizwi. Akanyamaza siku ya kwanza, akanyamaza ya pili, na mtu ukishanyamaza wiki mbili tatu unaona huna tena haki ya kusema. Miezi mitatu alikuwa na hasira na kila kitu, na bei, na mvua, na mashine ya kukanda, na hakuna aliyemuuliza ana nini.

Saa saba laoban akachoka, akaingiza gari kwenye uwanja wa kupumzikia kando ya barabara, akaonesha simu yake. Mabustani yamejaa, geti limefungwa, wageni wanarudishwa.

"Basi tule hapa hapa," alisema Chausiku. Hakuwa na nguvu ya kusema zaidi.

Wakatandika mkeka chini ya misufi iliyotoa maua mekundu bila jani hata moja. Bi Hafidha akaenda pembeni kusali adhuhuri. Angalau sasa, Chausiku alijiambia. Alimpakulia Lulu kabla ya wote, biriani mapaja mawili, sambusa tatu, mkate wa ufuta. Lulu akasema ahsante mama, akachukua sahani, akasema anakwenda kula karibu na bibi asikae peke yake. Chausiku akamtazama anavyokwenda na gauni lake la ndimu. Mumbua alikuwa anamsifia biriani, naye alikuwa anaitikia bila kusikia.

Kurudi ilikuwa mbaya kuliko kwenda. Saa kumi walikuwa wamekwama tena. Safari hii Chausiku hakutaka kujua nani anakaa wapi, alimtoa Dullah kwenye kiti chake akakaa karibu na mwanawe. Bi Hafidha alikuwa amefumba macho. Lulu alikuwa na midomo mikavu, na Chausiku akafungua kipochi cha mtoto amtafutie mafuta ya kupaka.

Ndani kulikuwa na sambusa tatu zimefungwa kwa karatasi laini, mkate wa ufuta, na mapaja mawili ya kuku ndani ya mfuko wa plastiki. Wali hakuuona, labda aliumwaga.

"Lulu. Hujala?"

Mtoto akatazama bibi yake kwanza kama amelala. "Nimefunga," alinong'ona.

"Leo Idd, mwanangu. Leo kufunga haramu. Umemaliza mwezi wako mzima, sote tumekupongeza."

"Kwenu ndiyo Idd," alisema Lulu. "Kwetu kesho."

"Kwetu wapi?"

"Kwa bibi. Si ndiyo nahamia?" Alisema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Nikila leo, kesho nitakuwa sina Idd na wao. Nataka nianze kuzoea."

Chausiku akainua macho kutoka kwenye kipochi. Mbele yake kulikuwa na mstari wa magari usio na mwisho, watu wote hao wanatoka kuwatembelea wazee wao waliokufa, na yeye mwanawe mzima wa afya anamfundisha kuishi mbali naye. Adabu yote aliyolelewa nayo ikamtoka.

"Dullah," alisema, na hakunong'ona. "Lulu haendi."

Wote wakamtazama. Hata laoban alitazama kwenye kioo.

"Mama Lulu, tiketi si tumesha..."

"Haendi. Shahe nitakwenda akishaingia shule, na akitoka atanikuta nyumbani. Wateja watakaochukia watachukia. Huyu mtoto wangu haondoki."

Dullah aligeuka kumtazama mama yake, uso wa mtu aliyekamatwa baina ya wawili. Bi Hafidha alikuwa ameshafumbua macho.

"Sasa ndiyo unasema, Chausiku? Masanduku yameshafungwa?"

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Miezi mitatu nakaa kwako, kila siku nasema leo atanikatalia, leo atanikatalia. Hukusema neno. Nikadhani humtaki." Aliyapapasa magoti yake. "Mimi nina miaka sabini na mbili. Magoti yangu hayapandi ngazi. Nimlee vipi mtoto mdogo?"

"Lakini Mama," alisema Dullah, "si wewe uliyesema..."

"Nilisema anashinda peke yake. Nilikuwa nawaambia mkae na mtoto wenu. Wewe ukaenda kununua tiketi. Mtu kaletewa mjukuu na tiketi mkononi, atasema simchukui? Mtoto asikie bibi yake hamtaki?"

Josphat alifungua mdomo, Mumbua akamfinya paja, akaufunga. Chausiku aliwatazama wote wawili, mume na mama wa mume, akajitazama na yeye. Watu wazima watatu, kila mmoja kamstahi mwenziwe, na kwa kustahiana huko wameshamfungia mtoto sanduku. Alitaka kupiga kelele, alitaka kucheka, na machozi ndiyo yaliyowahi.

Lulu alikuwa anawaangalia mmoja mmoja. Hakuonekana mwenye furaha, alionekana mtu ambaye amehamishwa mara mbili kwa siku moja.

"Sasa mimi," aliuliza, "ni wa wapi?"

Bi Hafidha alinyoosha mkono, akachukua sambusa moja kutoka kwenye kile kipochi, akaipangusa karatasi iliyoganda, akamtia mjukuu wake mkononi.

"Wa mama yako," alisema. "Kula."

Lulu akamtazama mama yake. Chausiku akatikisa kichwa kukubali, kamasi zinamtoka mbele ya watu, na mtoto akaanza kula, taratibu kwanza, kisha kwa pupa, sambusa ya baridi, kisha ya pili.