Jina Kabla ya Mpira

Namunyak alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Mama yake alikuwa amechoka naye zamani, na alipoingia shule ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kajiado, mwaka wa 1995, walimu nao wakachoka. Lakini kulikuwa na swali moja lililomnyima raha kwa sababu hakuna aliyemjibu. Kwa nini timu yao ya voliboli ilicheza kwa kutaja majina?

Amri ilikuwa ya Mwalimu Munguti, mwalimu wa hesabu aliyefundisha pia timu. Kabla hujagusa mpira, taja jina lako, kwa sauti. Timu nyingine zilisema "wangu" kama watu wenye akili zao. Wao walikuwa "Evalyne! Nzisa! Namunyak!" uwanja mzima, mpaka wapinzani wakashikwa na kicheko, na wakiwa bado wanacheka wanafungwa.

"Mwalimu, kwani tusipotaja majina mpira itakataa kuruka?" alimuuliza siku moja.

"Wewe cheza," Munguti akasema. "Ukinyamaza kidogo utasikia."

Jibu gani hilo? Namunyak akaanza kumchunguza. Mwalimu hakuufuata mpira kwa macho. Alisimama kando ya nguzo ya neti, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Siku moja mpira ulitoka ubavuni ukamgonga sikio, naye akawa wa kwanza kucheka. Na madaftari ya hesabu siku hizo yalirudi yamesahihishwa kwa mwandiko wa mviringo ambao haukuwa wake.

Basi akaamua kumpima. Ilikuwa 1997, yuko kidato cha tatu, wiki mbili kabla ya mashindano ya mkoa. Mpira ulipomjia aliudaka kwa mikono miwili, akafunga mdomo, akanyata juu ya nyasi mpaka akasimama mbele ya mwalimu, karibu kabisa, umbali wa kushikana mikono.

Munguti alitazama juu ya bega la Namunyak. "Nani ako na mpira?"

Namunyak alikuwa amepata jibu. Mwalimu hakuwa akiona. Furaha ya kujua haikudumu, kwa maana aliwaona wenzake wakitazama nyuma yake, akageuka. Mwalimu mkuu, Madam Wakhungu, alikuwa amesimama kwenye kona ya uwanja, na alikuwa ameona yote.

"Mwalimu Munguti," Madam akasema polepole, "ni nani huyo amesimama mbele yako?"

Neno moja lingetosha. Namunyak angetaja jina lake tu, kama alivyolitaja kila jioni kwa miaka mitatu, mwalimu angejibu na mambo yangeisha. Mdomo ukakataa. Munguti aliinamisha kichwa akangoja. Alingoja muda mrefu.

"Sioni, Madam," akasema mwishowe.

Wiki hiyo hiyo timu ilipewa mwalimu mwingine, ikafungwa mechi ya kwanza. Muhula ulipoisha Munguti alifungasha vitu vyake akaondoka. Na Namunyak, yule wa kuuliza kila kitu, kwa miaka kumi hakuthubutu kumuuliza mtu yeyote mwalimu alikokwenda. Aliona aibu, basi.

Mwaka wa 2007 alikuwa mwalimu katika mji wa Kitengela, na alikuwa na timu yake. Wasichana wake walitaja majina. Walipomuuliza kwa nini, aliwaambia wacheze.

Alasiri moja aliona mama mmoja akiingia langoni, amemshika mkono mzee mwenye fimbo nyeupe.

"Tusamehe, mwalimu," mama yule alisema. "Mimi ni Ruth. Huyu mzee wangu amesikia majina kutoka barabarani, akakataa kuendelea na safari."

Namunyak alimtambua mara moja. Akavuta benchi. Munguti aliketi, kichwa kimeinama upande ule ule, akasikiliza.

"Kuna mmoja hapa hapewi mpira," akasema baada ya muda. "Nasikia watano. Wa sita sijamsikia hata mara moja."

Namunyak akatazama. Ni kweli. Naserian, msichana mgeni, alikuwa amesimama pembeni mikono mitupu, na yeye mwenye macho mawili mazima hakuwa amemwona.

"Kwani ilikuwa ni hiyo?" swali likamtoka. "Haikuwa macho?"

Uso wa mzee ulilegea ukawa tabasamu. "Wewe na maswali yako. Hiyo kitu nilianza nikiona mpaka sisimizi. Nilikuwa nataka kusikia nani amesahaulika. Macho ilikuja kufaidika tu baadaye, ilipoanza kufifia."

"Mwalimu, ile siku ni mimi nilikuwa na mpira."

"Nilijua. Wengine wote nilikuwa nimewasikia. Na ni nani mwingine angekuja kunipima namna hiyo?"

"Sasa mbona haukunitaja? Si ungebaki na timu?"

"Jina ni ya mwenyewe kutaja," Munguti alisema. "Nilikuwa nakungojea."

Namunyak alilia hapo hapo, mbele ya wanafunzi wake, wala hakujificha. Kisha akajifuta uso, akaomba mpira, akarudi nyuma hatua tatu.

"Namunyak," alisema, na sauti ikakatika. Akalirudia kwa nguvu, uwanja mzima ukasikia, akarusha mpira taratibu. Mzee alikuwa ameshaweka fimbo chini na kufungua mikono.