Abiria wa Kituo cha Tanuri

Jumatatu, saa kumi na moja kasoro dakika ishirini jioni, Zdravka Kolarska alimkalisha mumewe kwenye benchi la Kituo cha Tanuri, akamfunga skafu vizuri shingoni, akasimama mbele yake kumkinga upepo. Basi namba 11 lilikuwa bado robo saa. Mumewe, Penko, alikwenda hospitali ya mkoa kusafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Figo zake ziliacha kazi mwaka uleule kiwanda cha betri kilipomwachisha yeye.

Nyuma yao, chini ya nguzo ya taa, walisimama marehemu. Nguzo ilijaa matangazo ya misiba kuanzia kimo cha goti hadi kimo cha mtu: picha, jina, msalaba; lingine la siku arobaini tangu kifo, lingine la nusu mwaka, lingine la mwaka wa tano. Karatasi ikiwa bado imeshika, mwenyewe husimama chini yake kuanzia saa kumi, akitazama watu wakirudi kazini. Mvua ikiibandua, haonekani tena mpaka jamaa zake wabandike nyingine. Hawakuwa na safari. Zdravka alikuwa kondakta wa namba 11 kwa miaka ishirini na sita. Aliwajua wote, na alijua nani kati yao alikuwa bingwa wa kukwepa tiketi.

"Dimo, sogea. Unamzibia mgonjwa jua," alimwambia mwoka mikate, marehemu wa mwaka wa nne.

"Jua la Oktoba nalo ni jua?" Dimo alisema. "Hilo hata unga halikaushi." Lakini alisogea.

Ndipo akaja mtaalamu wa usafiri kutoka nje. Aliitwa Bwana Joris, alivaa kizibao cha rangi ya limau, na alishika fomu kwenye kibao. Mji ulikuwa unataka mabasi ya mwendokasi. Mji huohuo uliahidiwa tramu mwaka 1974 na mabasi ya umeme mwaka 1988, na kila ahadi ilichimba barabara ileile na kuiacha na shimo lake. Safari hii kulikuwa na benki ya nje, tayari kukopesha, ila ilitaka kwanza ihakikishiwe abiria elfu arobaini kwa siku. Abiria hao hawakuwepo. Wenye nguvu za kupanda basi walishapanda, wakashukia Ujerumani na Uhispania.

Bwana Joris alikuwa na mkalimani, lakini mkalimani alilipwa kwa saa, na saa zake alizimalizia ndani ya gari akitafuna mbegu za alizeti. Kwa hiyo mtaalamu alikariri maswali manne ya Kibulgaria na kujipa moyo kwamba majibu atayaona vichwani. Sasa, kwetu Bulgaria mtu akikubali hutikisa kichwa kulia na kushoto. Akikataa hukiinua na kukishusha. Ndivyo walivyofanya mababu, na hakuna aliyewahi kudhani kuna haja ya kuandika hilo kwenye kibao.

"Namba 11 ya hospitali, mnaihitaji?" aliuliza.

Zdravka alitikisa kichwa mpaka hereni zikampiga mashavuni. Mtaalamu akaandika: hapana.

"Basi hilo lifutwe?"

Zdravka alikiinua kichwa na kukishusha mara tatu, kwa nguvu. Mtaalamu akaandika: ndiyo.

Akawageukia marehemu. "Mnataka basi la kasi?"

Wote thelathini na mmoja waliinua vichwa na kuvishusha, hata yule mwalimu wa hesabu ambaye tangu azikwe hajawahi kukubaliana na wenzake. Mtaalamu alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akafungua ramani waonyeshe wanakoishi. Marehemu hawana sababu ya kudanganya. Mmoja baada ya mwingine waliweka kidole kwenye Makaburi ya Mashariki.

"Huyo kijana anaandika kinyume," Penko alisema.

"Atakuwa anaandika kwa lugha yao," Zdravka alijibu, kwa sababu namba 11 lilikuwa limefika na ilibidi amsaidie kupanda.

Mji una nguzo zipatazo elfu mbili. Bwana Joris alizimaliza kwa wiki sita. Abiria elfu arobaini walipatikana, na mia tatu wa ziada. Mkopo ulitiwa saini majira ya kuchipua, na Juni mosi namba 11 likafutwa.

Barabara ilichimbwa miaka miwili. Kila Jumatano jirani yao Vasko aliwapeleka hospitali kwa gari lake. Siku nyingine walitembea saa nzima na ushee kwenye kifusi, Penko akisimama kila nguzo kuvuta pumzi na kuamkiana na wa nguzo hiyo. Mvua ikinyesha hawakwenda. Daktari alisema siku moja ikirukwa mwili huvumilia, zikirukwa mbili mfululizo huanza kudai.

Zdravka alikwenda ofisi ya mradi. Naibu mkuu, Bwana Asenov, alikuwa mtoto wa mtaa. Zamani Zdravka alimpandisha basi bure alipokuwa akienda shule.

"Shangazi Zdravka, fomu yako hii hapa. Uliulizwa kama basi lifutwe. Umekubali."

"Nilisema hapana. Kichwa changu mwenyewe, mwanangu. Nakijua."

"Na mimi najua. Sisi wawili ni Wabulgaria." Akashusha sauti. "Benki siyo Mbulgaria."

"Basi iambieni."

"Nikirekebisha chako, itabidi nirekebishe na vya marehemu, na hao ndio sita katika kila abiria kumi. Wakitoka hao, mkopo umetoka."

"Kwa hiyo mlijua ni marehemu."

Asenov alisawazisha karatasi ambazo tayari zilikuwa sawa. "Shangazi, hawa watu wanapiga kura tangu nikiwa mdogo. Leo ndiyo tuwakatae kwenye basi?"

Uzinduzi ulikuwa Mei. Padri alinyunyiza maji ya baraka kwa kitita cha majani ya mrehani, tarumbeta zilipigwa, na basi jekundu refu kama treni likateleza kwenye njia yake lenyewe, bila foleni wala shimo. Wakaguzi waliwapandisha marehemu, kwa kuwa mkataba uliwataja. Dimo alipanda wa mwisho, akiinua kichwa na kukishusha muda wote, na mkaguzi akamshukuru kwa ushirikiano. Kutoka Tanuri hadi makaburini ni dakika tisa. Wale watu hawakuwa na raha nyingine ila ile ya kusimama jioni mtaani kwao. Sasa kila walipofika walirudishwa makaburini.

Njia ilipita mbele ya lango la hospitali. Zdravka alimpandisha Penko, akaenda mbele kwa dereva.

"Rumen, tushushe hapa."

"Siwezi, shangazi. Milango iko kushoto, juu, sawa na jukwaa. Hapa jukwaa hawajajenga. Nikifungua, mzee anaangukia kwenye zege."

"Kwa nini hawajajenga?"

"Wanasema watu waliulizwa, wakakataa."

Basi lilipita hospitali kwa mwendo mzuri. Penko alitazama dirishani. "Kweli ni la kasi," alisema. Walishukia makaburini na kurudi nyuma kwa miguu. Walipofika, mashine yake ilikuwa imeshapewa mwingine.

Ilikuwa hivyo Jumatatu. Jumatano mvua ilinyesha, na gari la Vasko lilikuwa gereji. Jumamosi Zdravka alimpelekea mpiga chapa picha ya Penko ile ya harusi ya dada yake, ambayo anacheka, na jioni akaibandika kwenye nguzo ya Tanuri kwa gundi nyingi, kona zote nne. Jumapili saa kumi Penko alikuwa pale chini yake, amevaa skafu. Hakuhitaji tena mashine, na kwenye basi alikuwa na nafasi yake ya kudumu.

Mwezi wa Septemba Bwana Joris alirudi kwa ajili ya awamu ya pili, ambayo ingegharimu mara mbili ya ya kwanza. Sasa hata mkalimani hakuja naye; ofisi iliona amezoea. Alimkuta Zdravka jukwaani, kandokando ya mumewe.

"Mmeridhika na huduma?"

Zdravka alikishika kichwa chake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa, kisitikisike wala kisiinuke. Penko, aliyesimama karibu yake, akajibu kwa niaba ya wote wawili: aliinua kichwa na kukishusha, taratibu, mara nyingi, macho yake yakiwa kwenye kibao.

Bwana Joris alimshukuru, akaandika: wawili, ndiyo.