Jua Kwenye Sakafu ya Candida

Redio ilikwisha kutangaza: Jumamosi ile ya Februari 1980, kabla ya adhuhuri, jua lingepatwa. Kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, lingefunikwa lote. Dar es Salaam kingebaki kipande chembamba. Watu wakaonywa wasilitazame kwa macho matupu. Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kila mtu akajichagulia mahali, wengi wakizunguka mabeseni ya maji uani ili walione humo. Candida peke yake hakuwa na pa kwenda.

"Na tumbo hilo? Thubutu!" alisema Zamda, mpangaji wa chumba cha pili. "Mjamzito hatoki jua likipatwa. Funga mlango, funga dirisha, lala."

"Nilale mchana kweupe, naumwa?"

"Lala, shoga. Nitakuja kukuhadithia."

Kwao Masasi Candida alikuwa mbishi, lakini kwa tumbo la miezi minane hakutaka kujaribu. Akajifungia, akajinyoosha kwenye mkeka na kuyakodolea macho mabati.

Mabati hayo ndiyo yaliyomnyima raha. Yalikwisha kutumika kuezekea nyumba nyingine kabla ya hii, na misumari ya zamani iliacha matundu kila mahali. Wakati wa vuli, yeye na mumewe Marcelino walilala na sufuria kitandani. Sasa masika yalikuwa njiani, na mtoto naye. Mwenye nyumba, Mzee Rajabu, alishikilia neno moja: "Paa langu halina tundu. Hayo maji ni mvuke wa chai yenu." Candida akampelekea mashtaka balozi wa nyumba kumi. Balozi akaja jioni na kibatari, akatazama juu, akaona weusi mtupu, akaenda zake.

Uani kelele zilipanda. Candida akageuza uso kwa hasira, na hapo akaona sakafu. Vile viduara vya mwanga uliopenya matundu ya bati, alivyovizoea kila siku, vilikuwa vimemegwa. Akakaa kitako. Vikazidi kumegwa, hadi chumba kizima kikajaa miezi myembamba kama ya mwandamo: sakafuni, kitandani, hata juu ya tumbo lake.

"Zamda! Njoo uone!"

Zamda akaingia, akapiga yowe. Watu wakayaacha mabeseni, ambayo maji yake yalikuwa yakitikiswa na kila kiwiko, wakajazana chumbani. Balozi naye akapenya.

Mzee Rajabu akatokea na kanzu yake, akirudi msikitini kwenye swala ya kupatwa kwa jua. Alikuja kwa ukali, aulize nani kafanya nyumba yake soko. Alipoinamisha macho, ukali ukamwisha.

"Subhanallah!"

Kisha kifua kikamjaa. Akainua bakora, akaanza kuonyesha mmoja mmoja.

"Mnaona? Nyumba yangu hii! Huu hapa mmoja. Na huu mnene. Na tazameni safu yote hii ya kitandani!"

"Mbona kwetu hakuna kitu?" akauliza jirani wa nyumba ya pili.

"Nyinyi mna paa zima, mtaona nini?"

Zamda akaangua kicheko, na wote wakamfuata.

"Shikamoo, baba," Candida akasema taratibu kutoka mkekani. "Hebu rudia hapo mwisho. Huenda Balozi hakusikia."

"Nimesikia," akasema Balozi. "Na bakora nimeiona."

Mzee Rajabu akashusha bakora. Alitazama miezi yake kama mtu anayenyang'anywa.

"Sasa nikiziba, likipatwa tena tutaonea wapi?"

"Utatoboa upya, baba. Mimi nitakushikia ngazi. Mwanangu hawezi kulala kwenye sufuria."

Alasiri, jua likiwa zima, Mzee Rajabu alikuwa juu ya paa na kopo la lami, akinung'unika, huku Candida akimwelekeza kutoka chini, ndani ya chumba kilichofungwa.

"Kulia kwako! Si huko, kulia! Sogea. Ee, hapo hapo."

Kiduara kimoja kikazimika, kisha kingine. Hakumsamehe hata kile cha nyuma ya mlango, kidogo kama punje ya mtama. Kilipozimika hicho, chumba kikawa giza hata viatu vyake hakuviona.

"Bado kuna kingine?" sauti ikauliza juu.

"Hakuna, baba."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Shuka taratibu, ngazi ya watu hiyo."