Waimbaji Wasizidi Wanne

Mpango wa usalama wa shimo letu la makaa ya mawe una kurasa arobaini na mbili, na nimeuandika mimi. Hewa, gesi, baruti, maji, kuta, kamba ya winchi inayoshusha watu kwa ndoo, njia ya pili ya kutokea, yote yamo. Wiki sita niliuandika nikinywa chai iliyopoa. Ulipokwisha ukatundikwa kwa msumari karibu na mdomo wa shimo, na watu wakaanza kuutundikia kofia zao ngumu. Nilikasirika, na hasira yenyewe haijaisha.

Wa kwanza kutundika kofia alikuwa baba yangu mzazi. Ndiye msimamizi wa zamu. Wenzake wanamwita Kimya, maana maneno yake ya wiki nzima yanaenea kwenye kisanduku cha kiberiti. Amechimba mashimo sita, na hili la saba ndilo la mwisho. Zilikuwa zimebaki wiki tatu astaafu, na mita tisa kufika kwenye makaa. Alikuwa ameapa kwamba havui buti mpaka ayaguse kwa mkono wake.

Basi asubuhi moja akaja mkaguzi wa migodi, mtu wa kalamu nne mfukoni. Kila ukurasa wa mpango ulikuwa na muhuri wake na saini yake. Akaiondoa kofia ya baba kwa vidole viwili, akafungua ukurasa wa tisa, akasoma kwa sauti nzito:

"'Hakuna atakayeshuka shimoni isipokuwa waimbaji wenye cheti.'"

Akasoma tena, safari hii kwa midomo tu.

Nikachungulia ukurasa huo begani kwake. Kompyuta ya ofisi yetu ni ya mtumba. Kabla yetu ilikuwa ya kwaya, na ina kiherehere cha kusahihisha maneno bila kuombwa. Mimi niliandika wachimbaji. Yenyewe ikajifanya inajua zaidi.

"'Waimbaji wasizidi wanne ndani ya ndoo,'" mkaguzi akaendelea, jasho likimtoka. "'Kuimba kusimame kila baada ya mita mbili, mpaka ukuta umwagiwe zege.'"

"Mheshimiwa, hilo ni kosa la chapa," nikasema. "Ni wachimbaji. Na kuchimba."

"Kosa?" Akautazama muhuri wake, kisha akanitazama mimi. "Yaani mimi nilipiga muhuri bila kusoma?"

Ukweli ulikuwa mdomoni, nikaumeza.

"Mpango ukibadilishwa unarudi ofisini kwetu siku thelathini, na shimo linafungwa," akasema. "Usipobadilishwa, unafuatwa kama ulivyo. Haya, waimbaji wako wapi? Nitawapima hapa hapa, anayefaulu nampa cheti."

Siku thelathini! Baba alikuwa na ishirini na moja. Alikuwa amesimama kando ya ndoo ya chuma, akitazama shimoni.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa mchimbaji tunayemwita Tingatinga. Aliimba tangazo la sabuni toka mwanzo hadi mwisho, pamoja na namba ya simu. Mwenzake akaimba a, e, i, o, u, akakwama, akarudia. Mkaguzi akawapa alama kwa uso mkavu kabisa.

"Na huyu mzee?"

"Huyo ni baba yangu. Haimbi. Hata kuongea haongei. Mama anasema alimposa kwa kutikisa kichwa."

"Asiyeimba hashuki."

Machozi yakanitoka, sifichi. Miaka thelathini na minne chini ya ardhi, leo afungiwe nje na binti yake wa kumzaa!

"Baba, nisamehe," nikamwambia.

Baba akakohoa vumbi la mashimo sita, akafumba macho, akaimba. Sauti ilikuwa ya bawaba isiyojua mafuta. Lakini maneno niliyajua.

"Pima gesi kwanza, eee, kabla hujagusa swichi. Ikizidi kipimo, eee, tokeni wote..."

"Ukurasa wa tano," mkaguzi akanong'ona.

Akaimba kamba ya winchi, akaimba pampu, akaimba njia ya pili ya kutokea, Tingatinga akiitikia "eee" bila kujua anaitikia nini. Hakuruka hata nukta. Baba huyu aliishia darasa la tatu! Baadaye mama aliniambia kwamba yeye ndiye aliyemsomea baba nakala nzima mara nne, huku akimenya viazi.

"Waimbaji wasizidi wanne, eee..."

Mkaguzi akafuta miwani yake, kisha akaandika: anashuka.

Kuanzia siku hiyo walishuka wakiimba, wakinyamaza kila mita mbili. Siku ya kumi na tisa ndoo ikapanda, na baba akatoka humo na kiganja cheusi tii. Akakipangusa kwenye ukurasa wangu wa tisa, taratibu, alama ya vidole vitano.

"Baba," nikasema, "kumbe neno hilo ulilisikia tangu mwanzo?"

"Nililisikia."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akavua kofia yake, akaipangusa vumbi.

"Mwanangu umesoma," akasema. "Nikajua una sababu zako. Nikaanza mazoezi."

Kisha akatundika kofia yake juu ya mpango, kama siku zote, na mimi nikaiacha palepale.