Kifaa Kilichotulia Mno

Niseme mapema: mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu hazina breki. Siku barua pepe ya mwenzetu tuliyemwita Ndiyo-Lakini ilipoingia ikisema kifaa chetu hakinusi, niligonga meza mpaka kikombe kikaanguka.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani. Unakitundika ukutani, na jiko la mkaa likianza kutoa ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kinapiga kelele watu waamke. Tulikuwa maabara nne za nchi nne, tunakitengeneza pamoja mwaka wa tatu. Aliyetuunganisha ni mwanamke mmoja tuliyemwita Dada Mratibu, na naomba nimsifu hapa, kwa kuwa mbele yake sijawahi kuweza. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mwajiriwa wake. Hakuwa na fimbo wala kalamu ya kumfukuzia mtu kazi. Alikuwa na sikio, daftari, na desturi moja aliyotulazimisha tangu mwanzo: kila mwezi, kila maabara ipeleke kifaa chake kimoja kwa jirani kikapimwe huko. "Mtoto wako mpende," alisema, "lakini uchafu wa masikio yake atauona shangazi."

Mwezi ule kifaa chetu kilikwenda kwa Ndiyo-Lakini, mkuu wa maabara ya nchi jirani, mtu ambaye ukimwambia jua limechomoza atakujibu, "Ndiyo, lakini kuna mawingu." Vifaa vyake vilikuwa kero. Mtu akikaanga vitunguu tu, vinapiga kelele. Vyangu vilitulia tuli. Kila Alhamisi mkutanoni nilimtania, "Mzee, leo umekaanga nini?" na wenzetu wakacheka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa mno. Wiki ile ile Dada alikuwa atangaze maabara kuu, itakayokagua vifaa mia mbili kabla havijapelekwa kwenye nyumba za watu. Nilishaanza kujipimia hicho kiti.

Ndipo jamaa anaandika eti amekiweka kifaa changu kwenye sanduku la moshi wa mkaa, nacho kikakaa kimya kama kimeshiba.

Nilimpigia Dada nikiwaka. Nikamwambia hicho ni kijicho, nikamwambia kifaa kimeharibikia njiani, nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Mdogo wangu, kesho ukifika kazini nipigie kwa video. Nionyeshe asubuhi yako. Yote, tangu unapofungua mlango."

"Asubuhi yangu ina nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kuiona."

Kesho yake nikaisimamisha simu kwenye rafu. Nikavua viatu mlangoni, nikavaa ndala za maabara. Nikafungua madirisha. Nikafagia upya, maana ufagiaji wa mtu mwingine siuamini. Nikanawa mikono. Kisha nikachukua pamba, nikailowesha spiriti, nikaanza kupangusa vifaa kimoja kimoja, mbele, nyuma, na pale kwenye vitundu vinavyoingiza hewa, kama nilivyofanya kila siku kwa miezi minane.

Kwenye kifaa cha tano mkono ukasita. Vile vitundu ndiyo pua yake. Na mimi, mtaalamu mzima, kila asubuhi nilikuwa nainywesha pua spiriti, halafu nashangilia kwamba haipigi chafya. Kwa moshi wa mkaa tulivipima mara moja tu, mwanzoni, kabla usafi wangu haujaanza, na majirani wa miezi iliyopita walikuwa wamepima kelele za bure tu. Kumbe vifaa vyangu havikuwa vimetulia. Vilikuwa vimekufa ganzi.

"Mbona umesimama?" Dada akauliza.

"Mkono umechoka."

Najua aliona. Mtu anayesoma kila ripoti mpaka tanbihi hawezi kukosa kuona. Lakini hakunishika shati. Alisema tu, "Mkutano ni saa nane. Nitakupa nafasi ya kwanza, useme utakalo."

Mchana nikaenda nyumbani kula. Mke wangu akaniangalia. "Leo hujapangusa hata kijiko," akasema. "Umefiwa?"

Nikamweleza. Nikamweleza pia njia niliyokwisha kuipata: niache kupangusa kimyakimya, nibadilishe zile pua, niseme ni safari iliyokiharibu kifaa, kiti cha maabara kuu kibaki changu.

"Hivyo mia mbili vinakwenda kwa nani?"

"Kwa familia zinazolala na jiko ndani."

"Zina watoto?"

"Nyingi."

Akasogeza sahani yake pembeni. "Mimi wangeniletea ningekipangusa kwa spiriti," akasema. "Si wewe mwenyewe uliyenizoesha? Na nani angekuwa ameniambia nisifanye?"

Sikumaliza kula. Nikaona aibu mpaka miguuni.

Saa nane, nyuso za wenzangu zikajipanga kwenye kioo cha kompyuta, na Dada akaniita wa kwanza. Nikasema yote, pamoja na uongo wa mkono kuchoka. "Kifaa ni kizuri," nikamaliza. "Mimi ndiye niliyekiua, kwa usafi. Ndiyo-Lakini alisema kweli, nami nimemcheka miezi yote hii." Hakuna aliyecheka.

Dada hakunifariji, na hilo ndilo ninalomheshimia kuliko yote. Aliniuliza maswali kumi na mawili, moja baada ya jingine, akiandika: spiriti gani, kiasi gani, tangu tarehe ngapi. Akasimamisha vifaa mia mbili kwa miezi miwili, akasema wafadhili atawaeleza yeye mwenyewe, kwa sababu mwongozo aliuandika yeye na suala la kusafisha hakuliweka. Kisha akatangaza kwamba maabara kuu ni ya Ndiyo-Lakini. Iliniuma, sisemi uongo. Lakini ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo.

"Na wewe desturi ya kupimwa kwa jirani haikuachi," akamwambia Ndiyo-Lakini. "Vifaa vyako vitakaguliwa na nani?"

Yule bwana akavua miwani, akayasugua macho yake kwa vidole, akafikiri. Nikasubiri kisasi chake, nilikistahili.

"Vyangu vyote viende kwake," akasema, akimaanisha mimi. "Sisi wengine tunajua kifaa kikiwa hai. Yeye peke yake ndiye anayejua kinavyokufa huku kikionekana kizima."

Nilizima kamera, nikalia. Dada hakuendelea na ajenda. Alisubiri, na wote wakasubiri naye, mpaka nilipoiwasha tena na kuuliza vifaa vyake vitafika lini.